Saa Nne, Kisiwa cha Pili

Kila asubuhi, kabla hajakaa mezani, mama mdogo aliifuta ramani kwa kitambaa kibichi. Alianzia fukwe za juu, akashuka kwenye hifadhi ya mikoko, akamalizia visiwa vitatu vya chini kabisa. Kisiwa cha pili kilikuwa kimeshafifia kwa kufutwafutwa. Akimaliza huvua kandambili, huvaa viatu vya kazi, huniambia, "Haya, chai."

Ofisi ilikuwa chumba cha mbele, sisi tulilala cha nyuma. Katikati palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, hata usipotega sikio unasikia. Mwenye ofisi, ambaye ndiye mwenye nyumba, tulimwita Mkurugenzi, ingawa alichokiongoza ni viti vitatu na mama mdogo. Yeye alimwita mama mdogo Nahodha. Miaka kumi na mmoja mama mdogo alikuwa akiwapangia watu safari za pwani na bahari yenyewe hajaiona. Kila mwaka aliahidiwa kupelekwa akaikague, na kila mwaka gari lilijaa.

"Nahodha wa nchi kavu," Mkurugenzi alimcheka. "Mwakani utalowa, usijali."

Mwalimu mstaafu alikuja mara tatu kupanga safari yake. Mama mnene, miwani imefungwa kwa uzi, magoti mabovu. Aliuliza ufukwe upi hauna mawe, vyumba vina ngazi ngapi, na huko hifadhini nyani wananyang'anya chakula au wanaomba kwa adabu. Mama mdogo alijibu yote bila kufungua faili.

"Na hiki kisiwa cha pili, kweli mtu anavuka kwa miguu?"

"Kwa miguu, mama. Maji yakipwa yanaishia kwenye kifundo."

"Wewe umevuka?"

"Mara nyingi," mama mdogo akasema.

Mwalimu akacheka. "Kama umevuka wewe na huo mwili kama wangu, mimi nashindwaje?"

Saa ya maji kupwa husogea kila siku, ndiyo maana kuna jedwali jipya kila mwaka. La mwaka huu hatukuwa nalo. Mama mdogo alilidai wiki tatu.

"Tumia la mwaka jana," Mkurugenzi akamwambia. "Bahari si ileile? Imehama?"

Mama mdogo angekuwa ameiona hata mara moja, nadhani angebisha. Alitafuta tarehe ya safari ya mwalimu kwenye jedwali la mwaka jana, akaandika kwa mkono wake: saa nne asubuhi, kuvuka.

Siku yenyewe simu iliita saa nne kasorobo. Mama mdogo aliiweka juu ya meza, sauti ikatoka wazi. Alikuwa mwongoza wageni wa kule pwani, baba wa watoto watatu. Mwezi uliopita alibadilisha ratiba, Mkurugenzi akamwonya akirudia atafute kazi nyingine.

"Dada, maji yameanza kujaa tangu saa mbili. Njia bado inaonekana, lakini nina mama mwenye miguu mibaya hapa. Tuache hadi kesho?"

Mkurugenzi alikuwa anasoma gazeti. Hata hakuinua macho. "Mwambie afuate karatasi."

"Fuata karatasi, kaka," mama mdogo akasema.

Walikuwa watu sita. Wanne walifika kisiwani, maji kiunoni. Wa tano mwongozaji alimbeba mgongoni. Aliporudi kumchukua mwalimu, hakumwona. Mwili wake waliupata kesho yake kwenye mikoko.

Mwongozaji akawekwa ndani. Mkurugenzi akawaambia polisi kwamba mwongozaji hakupiga simu, alijiamulia mwenyewe. Kisha akamwekea mama mdogo karatasi mbili mezani.

"Hii ni ratiba, iandike upya, weka saa mbili. Hii ni barua kwamba hakupiga simu, tia sahihi."

"Yule kaka ana watoto."

"Na wewe huna? Huyo mtoto wa dada yako humo ndani analala kwenye chumba cha nani?"

Nilikuwa nimeshika sufuria. Niliiweka chini polepole isilie.

Siku mbili mama mdogo hakula. Hakulia pia. Alikaa kitandani akiitazama mikono yake, nikadhani anaumwa. Mara moja tu alisema, "Aliniuliza kama nimevuka." Nikamfunika miguu.

Siku ya tatu hakufuta ramani. Mkurugenzi hajafika bado, simu ikaita. Mke wa mwongozaji.

"Dada, mume wangu anasema aliongea na mwanamke hapo ofisini. Wanasema anadanganya. Ni kweli hakuna mwanamke hapo?"

"Yupo," mama mdogo akasema. "Ni mimi."

Akakata simu. Akatoa kwenye faili ratiba yake ya mwanzo na jedwali la mwaka jana, akavikunja pamoja, akavitia kifuani. Barua aliiacha palepale, haina sahihi.

"Funga nguo zako, uende kwa bibi leo hii," akaniambia. "Mkurugenzi akikuuliza, mwambie nimekwenda kituo cha polisi cha kule pwani."

"Utarudi lini?"

"Chai umeshaweka?"

"Inachemka."

"Kunywa wewe."

Alitoka na kandambili. Viatu vya kazi vilikuwa chini ya meza, nikavishika nimkimbilie, lakini alishavuka barabara na hakugeuka. Mwongozaji aliachiwa siku ya nane. Viatu bado ninavyo huku kwa bibi.