Paa la Nyasi Mbele ya Kamera

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nipake ukuta rangi. Nikaupaka vizuri sana, halafu nikaambiwa niukwangue. Nilikuwa nimetumia rangi ya mafuta, nikidhani televisheni inapenda vitu vya kung'aa. Taa za studio zilipowashwa, ukuta ukarudisha mwanga kama kioo, mtangazaji hata hakuonekana. Mkuu wa Karakana, Mrangi wa Kondoa aliyesimamia ujenzi wetu wote, hakunigombeza. Alinipa msasa na ndoo ya rangi ya maji, akarudi kwenye randa yake.

Ilikuwa miaka ile watu binafsi walipoanza kuruhusiwa kumiliki televisheni. Makao makuu yetu yalikuwa Dar es Salaam, na Dodoma tulikuwa tawi dogo la kuwafuata wabunge. Studio yetu ilikuwa ghala la zamani la nafaka jirani na soko la Majengo, na kanda tulizisafirisha kwa basi. Mimi nilikuwa fundi mandhari, yaani mtengenezaji wa kile mnachokiona nyuma ya anayezungumza. Tuligongelea hadibodi kwenye fremu za mbao nyepesi, tukapata kuta za kubebwa na watu wawili, tulizoziita flati. Kwa mbele unaona jumba la mawe. Kwa nyuma ni misumari tu na vumbi. Kuzuia mwangwi tulitundika magunia ya katani pembeni, kamera isikofika. Nyeupe tuliiogopa, maana kamera za wakati ule zikiona nyeupe nyingi, uso wa mtu mweusi ulizama gizani.

Kwa mtu wa kazi hiyo ya kudanganya macho, Mkuu wa Karakana alikuwa msumbufu. Tulipotakiwa kujenga kibanda uani kwa mahojiano ya nje, nilichora paa la bapa lenye nyasi kidogo za kupendezesha picha. Akakataa. Alitaka paa la mwinamo mkali, fito zikaribiane, nyasi ndefu za Kondoa zipangwe tabaka juu ya tabaka. Nikamuuliza nani atalala humo.

"Mama Neema," akasema, "paa ni paa. Ezekeni kama mnahamia kesho."

Tukabeba nyasi mpaka shingo zikawasha. Nilinung'unika kazini, nikaja kunung'unikia nyumbani. Mkurugenzi alipotoka Dar akakiona, akasema televisheni ya kisasa haiwezi kuonekana na kibanda cha nyasi, kibomolewe. Mkuu wa Karakana akaitikia ndiyo, kisha akawa na kazi nyingine kila siku.

Mwaka huo mume wangu alipunguzwa kazi, shirika lao la umma lilipouzwa. Watoto, ada, chakula, vyote vikaangukia mshahara wangu. Naye akashika jembe, akalima mtama nje ya mji. Hapo ndipo Mkurugenzi akatangaza kwamba tawi la Dodoma ni mzigo. Atakuja mwenyewe kuangalia tukimrekodi Waziri mmoja. Tukiharibu, tawi litafungwa na sote tutapunguzwa. Jamani, nilikonda.

Siku hiyo mvua ilikuwa imechelewa na mji mzima ulikuwa ukitazama juu. Ghala tuliligeuza studio wakati wa kiangazi, chini ya bati tupu bila dari, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba bati hupiga kelele. Ukikaa Dodoma unaweza kusahau mvua kabisa. Flati zilikuwa tayari, Waziri ameketi, ana muda mfupi kabla ya kurudi bungeni. Tone likagonga bati. Yakafuata mengine, kisha ikamwagika yote. Fundi sauti akavua vifaa vyake masikioni, akatikisa kichwa. Na mimi, ambaye mume wangu alikuwa na mbegu ardhini, nilimwomba Mungu aifunge ile mvua.

Mkuu wa Karakana akamsogelea Waziri. "Mheshimiwa, tuhamie uani."

"Kwenye nyasi?" akauliza Mkurugenzi.

"Kwenye nyasi, Mkurugenzi."

Tukakimbia na viti, kamera tumeifunika turubai. Chini ya nyasi zile mvua ilisikika kama mtu anayepepeta nafaka nyumba ya tatu. Tukawasha taa mbili tu, tukaziweka chini, mbali na paa. Waziri akaanza kueleza habari za wakulima, na nyuma yake mvua ya kweli inanyesha. Sikusikia neno hata moja. Macho yangu yalikuwa juu muda wote, nikingojea tone litakaloangukia suti yake au taa zetu. Halikuja.

Waziri alipoondoka, Mkurugenzi akaitazama kanda yote. Mwishowe akasema, "Kibanda kisiguswe. Na hili ghala liwekwe dari kabla ya kikao kijacho."

Mtu hafikirii dari ya studio anayotaka kuifunga. Nilikwenda nyuma ya flati nikalia kwa raha, makamasi na yote. Mkuu wa Karakana akanikuta huko. Akaniambia nilie nimalize, halafu tukaushe viti.

Nilifika nyumbani nimelowa, nikamkuta mume wangu mlangoni ana matope mpaka magotini. Akaniuliza kama tumefungwa. Nilipomwambia hatujafungwa, akaketi pale pale kwenye kizingiti, akacheka mpaka watoto wakatoka nje kumwangalia.

Siku hizi vijana mnabadilisha ukuta kwa kubonyeza kitufe, na picha zenu ni nzuri, siwabezi. Nawaomba tu mkague na paa. Tawi lile lilinitunza miaka yangu yote iliyobaki. Wenzangu wengi wa wakati ule walijua wameachishwa kazi kwa kusoma majina yao kwenye ubao wa matangazo. Mimi niliagwa kwa pilau, wajukuu wameketi mstari wa mbele, na siku ya kuondoka niliijua mapema nikashona gauni.