Miwani Chini ya Kikapu

Mwanangu, usiifiche hiyo miwani, nimekuona. Keti hapa. Mimi nami niliificha yangu, na siku ile ya soko la Koboko bado inanijia hata nikiwa napepeta mtama.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tangu utotoni macho yangu hayakuwa macho: mtu akisimama hatua tano mbele yangu, kwangu ni kivuli chenye nguo. Watu niliwajua kwa sauti na mwendo. Baba nilimjua kwa kengele ya baiskeli yake. Alikuwa askari wa jeshi lililoanguka mwaka 1979, akakimbilia Sudani pamoja nasi. Sisi tuliporudi nyumbani Ludara, yeye alibaki huko, maana askari wa zamani walikuwa bado wanatafutwa.

Kutoka huko alimpa mjomba fedha, nipelekwe Arua kupimwa macho. Siku nilipovaa miwani nilimwona mama toka ng'ambo ya uwanja, akitabasamu peke yake. Sikuwahi kujua kwamba huwa anatabasamu. Lakini wasichana wenzangu wakaniita bibi kizee, wakasema hakuna atakayetoa ng'ombe wa mahari kwa kipofu. (Mcheka kilema hafi bila kumfika: leo hao hao hawawezi kutia uzi kwenye sindano.) Ujana una kiburi cha kijinga, mwanangu. Nikienda sokoni, miwani niliifunga kwenye leso, nikaiweka chini ya kikapu, na simsim juu yake.

Siku hiyo mwanamume mmoja alisimama kando ya njia, kwa miguu, akainua mkono bila kusema neno. Nilidhani ni mhuni. Nikamtazama usoni, nikainua pua, nikapita.

Jioni mjomba alikuja, hata hakuketi.

"Baba yako alikuja kuona wewe. Sasa iko narudi Sudani. Anasema, 'Mutoto amenikataa, lakini iko na haki. Jina ya askari italetea yeye taabu.'"

"Mjomba, sikumwona! Sikusikia baiskeli!"

"Baiskeli aliuza. Hiyo miwani ilinunuliwa na nini?"

Siku zile wengi waliwakana baba zao askari ili wapone. Ndiyo maana hakushangaa, wala hakuniita. Nilikimbia njia ya mpakani nikiwa nimevaa miwani, nikiita, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nilimtumia salamu mara mbili. Jibu lililokuja ni kwamba amezikwa hukohuko. Inaniuma mpaka leo, wala sitakudanganya kwamba imepungua.

Basi ivae, mwanangu. Ivae sokoni, ivae hata mbele ya kijana anayekucheka. Akikuacha kwa ajili ya vioo viwili, mwache aende zake. Na anayekuinulia mkono njiani, mwitikie hata kama humjui. Mungu akupe macho ya kuwaona watu wako wangali hai. Haya, iweke usoni, unitazame vizuri kabla sijaenda kumsalimu baba.