Nani Alimwona Mwalimu Bertilla

Cheti cha kwanza cha Mwalimu Bertilla Kisalala kilifika kijijini Mpando mwezi wa Novemba 1954, kimeviringishwa ndani ya bomba la karatasi ngumu, baada ya wiki tano za safari kutoka Ulaya. Kilikuwa na utepe, muhuri mwekundu wa nta, na jina lake kwa herufi za madoido. Kilieleza kwamba amehitimu kufundisha Kiingereza kwa wasiozaliwa nacho. Seremala wa kijiji alikitengenezea fremu ya mninga. Mama yake, Kristiana, aliwaonyesha wageni cheti hicho kabla ya kuwaonyesha kiti.

Alikipata kwa haki. Kwa mwaka mmoja na nusu alijibu majaribio ishirini na manne kwa posta, na hakuna hata moja lililorudishwa kwa kukosewa. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mwalimu wa daraja la pili, akifundisha Kiswahili, hesabu na ushonaji katika shule ya wasichana ya Mpando, mwendo wa asubuhi moja kutoka misheni ya Mwazye. Shule hiyo iliishia darasa la nne. Kiingereza kilianza darasa la tano, na darasa la tano Mpando haikuwa nalo.

Februari 1955 barua ikaja kutoka ofisi ya elimu ya Sumbawanga. Darasa la tano lingefunguliwa Januari iliyofuata kwa sharti moja, awepo mwalimu aliyeidhinishwa kufundisha Kiingereza. Asipopatikana, nafasi ingepewa shule nyingine.

Siku tatu baadaye Clemens, mkulima wa ulezi, alikuja shuleni, kofia mkononi. Binti yake, Agnesi, ndiye aliyeongoza darasa la nne.

"Mwalimu, mimi si mkatili," alisema. "Januari darasa likifunguka, Agnesi ataingia. Lisipofunguka, sitamweka nyumbani ahesabu kuku. Wenzetu wamekwisha kuleta jembe la posa, liko mlangoni; nikiliingiza ndani, nimekubali."

"Litafunguka, baba Agnesi. Cheti ninacho."

Alikitoa kwenye fremu, akakifunga kwa khanga, akapanda lori la mchuuzi Hamidi kwenda Sumbawanga. Katika ofisi ya elimu alipokelewa na karani Yunusu, mtoto wa wenye maduka mjini, kijana mwenye maneno mengi na macho makali. Yunusu alikisoma cheti mara mbili.

"Shikamoo dada. Ofisi hii haina ukuta unaostahili kitu kizuri hivi. Sasa niambie, nani alikuona ukifundisha?"

"Nilijibu majaribio ishirini na manne."

"Walisoma ulivyoandika. Mimi nauliza aliyekuona."

Hakuna aliyemwona. Yunusu, bila kumcheka, akamtandikia mezani njia zilizobaki. Ya kwanza ilikuwa masomo mengine ya posta, ya miezi mitatu, yenye cheti chenye jina refu zaidi, lakini tena bila mtu wa kumwona. Ya pili ni chuo cha miaka miwili, ambacho kingempandisha daraja. Ya tatu ilikuwa miezi sita katika chuo cha walimu upande wa Mbeya, kisha masomo matatu darasani kwake mwenyewe mbele ya mkaguzi. Hiyo haikupandisha daraja. Mwisho wake ulikuwa karatasi moja ya idhini iliyopigwa taipu na kuwekwa katika jalada lake.

"Watu wengi huchagua ile ya pili," Yunusu alisema.

"Ya pili inakwisha 1957. Mwaka huo Agnesi atakuwa na mtoto mgongoni."

Alijiandikisha katika ya tatu. Nyumbani, Kristiana alipandwa na hasira.

"Uache daraja la juu uchukue kikaratasi? Kisichokuwa hata na utepe?"

"Mama, ulipomtafutia kaka Wilibrodi mke, ulimwambia yule binti akuandikie barua jinsi anavyosonga ugali?"

"Barua ya nini? Nilikwenda kukaa jikoni kwao siku mbili."

"Basi."

Kristiana akafikiri kidogo. "Kwa hiyo huyo mkaguzi Mzungu atakuja kukaa jikoni kwako."

"Masomo matatu."

"Basi ufagie."

Chuoni wenzake walikuwa wasichana wa miaka kumi na tisa. Walimwita Shangazi, wakamtanguliza kila walipotaka kuomba ruhusa ya kwenda sokoni. Katika somo lake la kwanza la mazoezi, mwalimu msimamizi alikaa nyuma na saa mkononi. Somo lilikuwa la dakika arobaini. Bertilla alizungumza dakika thelathini na tano. Wanafunzi wote kwa jumla walisema maneno kumi na moja. Aliziandika takwimu hizo ndani ya jalada la daftari lake ili azione kila asubuhi. Jambo hili lilikuwa nje ya majaribio ishirini na manne ya posta, maana huko mwanafunzi alikuwa ni yeye peke yake.

Aliporudi Mpando alianza kuwafundisha darasa la nne Kiingereza cha mwanzo, kwa ajili ya ukaguzi. Mkaguzi, mwanamke Mwingereza mrefu, alifika Novemba. Somo la kwanza Bertilla alilipita kwa shida, la pili kwa nafuu. La tatu lilikuwa juu ya kuamuru: lete, fagia, keti. Sheria ilikataza neno lolote la Kiswahili, na ilitaka wanafunzi waamuru, si mwalimu.

Alimwita Agnesi mbele, akamwomba kwa Kiingereza amwamuru mwalimu wake. Agnesi alijua maneno yote. Lakini alikuwa mtoto aliyelelewa kuchuchumaa na kupiga makofi polepole anapomsalimu mkubwa, na mtoto wa namna hiyo hawezi kumwambia mwalimu alete maji. Aliinamisha macho. Darasa zima likainamisha macho. Mkaguzi akaandika kitu.

Bertilla akavua viatu. Akakifunga kitambaa chake cha kichwa kichwani mwa Agnesi, akamshikisha fimbo ya ubaoni kama mkongojo, kisha akaketi sakafuni na kumwambia kwa Kiingereza, "Wewe ni bibi yangu. Mimi mjukuu wako."

Bibi na mjukuu ni watani, na bibi husema atakalo. Agnesi aliitazama fimbo. Mgongo wake ukapinda taratibu, na wasichana wakaanza kucheka. Akaamuru maji. Yakaja. Akaamuru ufagio, akaelekeza pa kufagia, akabadili mawazo, akaelekeza kwingine. Mwisho, bila kufundishwa, akaunga maneno mawili ya wiki iliyopita akamwambia mjukuu wake kwamba ni mvivu. Darasa likalipuka. Wasichana sita walisimama wakitaka zamu ya kuwa bibi.

Bertilla alizungumza dakika tisa. Mkaguzi aliandika mistari mitatu: kelele zilizidi, mwalimu aliketi sakafuni, ameidhinishwa.

Nje, chini ya dirisha, Clemens alikuwa amesimama. Alikuwa amesikia kwamba mkaguzi amekuja, naye akaja kujionea.

"Mwalimu, binti yangu alikuwa anakuambia nini mle ndani?"

"Kwamba mimi ni mvivu."

Clemens alivua kofia. "Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiingereza."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikafagia."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akatazama tena dirishani, ambako Agnesi alikuwa akimpa mwenzake kitambaa kwa zamu yake.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Clemens alilitoa jembe la posa mlangoni, akaliweka begani, akalirudisha kwa wenyewe.