Ukungu Ndani ya Viatu vya Donati

Chumba chetu katika kambi ya wafanyakazi wa shaba, pale Élisabethville, kilinuka unyevu tangu mvua za Novemba hadi zilipokatika. Matofali yalitoa jasho, nguo hazikukauka, na sanduku la baba chini ya kitanda lilikuwa na harufu ya uyoga. Humo ndimo vilimokaa viatu vyeusi vya ngozi vya Donati, mdogo wangu, vikingoja siku ya komunyo yetu ya kwanza. Nasema yetu, kwa sababu mimi pia nilikuwa nakomunika siku hiyo, tena katekisimu niliijua kuliko yeye. Lakini baba alinunua jozi moja tu, ya mtoto wa kiume. Kwa wivu, jioni ile niliisukuma kando bukari, ugali wetu.

Kazi ya kuvianika kila Jumamosi nilipewa mimi. Sikuvianika. Jumamosi ya pili nilikuta nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko za buibui, zimetambaa kwenye mishono. Nilifurahi, tena sana. Wiki iliyofuata nyuzi zile zilikuwa zimesimama na kuota vichwa vidogo, na vichwa vikawa unga wa kijani uliopeperuka nilipopuliza. Leo najua kwamba ukungu hauna kinywa; humwaga majimaji yake juu ya chakula, chakula kikalainika, ndipo ukakifyonza. Siku zile nilijua tu kwamba una njaa, basi nikaulisha. Nilipaka uji ndani ya viatu, na penye uji ukungu ulinenepa ukawa kama manyoya ya kifaranga. Kisha nilikwenda zangu kanisani kufundishwa sala.

Siku mbili kabla ya komunyo, Donati alinikuta nimepiga magoti mbele ya sanduku, kijiko cha uji mkononi. Akavitazama viatu, akanitazama mimi.

“Yaya, ni weye?” akaniuliza mimi dada yake.

Nikakiweka kijiko chini. Akalifunga sanduku mwenyewe, taratibu. Jumapili asubuhi mama alipomwambia akavae viatu, alikataa.

“Hapana, mama. Benzangu bote beko miguu tupu. Miye pia nitaenda vile.”

Mama alilia kwa furaha. Habari zikamfikia padri, naye akamsimamisha mbele ya kanisa zima, akamsifu kwa unyenyekevu wake. Miguu yangu, mitupu vilevile, hakuna aliyeiangalia. Wiki iliyofuata sanduku lilipofunguliwa, ngozi ilikuwa imeoza, na mama akailaumu mvua.

Sasa sisi ni wazee. Mji umebadilika jina, nyumba yangu ina madirisha mapana yanayoingiza jua, na viatu ninavyo kabati zima. Kila sikukuu wajukuu humzunguka Donati wakitaka kusikia jinsi alivyoviacha viatu vipya ili afanane na wenzake. Husimulia kwa maneno machache, wala hanitaji. Ningeweza kuwaambia ukweli wote. Lakini wakiujua, watampenda zaidi, na hilo siliwezi hadi leo.