Jino la Pili Kushoto

Fundi wa meno ya bandia ambaye jirani zake walimwita Plasta aliichukia kazi yake kwa miaka ishirini na mbili bila kukosa siku hata moja. Alirudi nyumbani nywele zimekuwa nyeupe kwa vumbi la plasta, ndiyo asili ya jina lenyewe, na kabla hajavua viatu alikuwa ameshaanza. Mgongo unamuuma. Pua imejaa harufu ya dawa. Binadamu ni kiumbe asiye na shukrani. Dada yake mkubwa, mjane aliyekuwa akiishi naye tangu watoto wao waliposhika njia zao, alimsikiliza huku akikunja nguo. Wimbo huo alikuwa ameusikia mpaka angeweza kuuimba peke yake, na siku nyingine aliuimba kweli, ili kumkera.

Nisimlaumu sana. Hata wewe ungekaa pale alipokaa ungenung'unika. Karakana yake ilikuwa chumba nyuma ya kliniki, kina mlango wa kutokea uchochoroni, meza moja, taa moja, na kwenye ukuta wa upande wa kliniki kidirisha kisichozidi upana wa sinia. Karani wa mapokezi alipitisha hapo umbo la plasta la fizi za mtu, pamoja na kikaratasi: namba ya mgonjwa, rangi ya meno, juu au chini. Jina hakuna, sura hakuna. Plasta alipanga meno kwenye nta, moja moja, akayakamilisha, akayarudisha palepale.

Sasa sikiliza. Meno yakimkaa mgonjwa vizuri, mgonjwa alimshika daktari mkono, akaenda zake nyumbani. Kidirisha kilinyamaza. Yasipomkaa, yalirudi na kikaratasi kingine. Yanauma. Yanacheza. Anataka kutapika. Rudia. Ndivyo kliniki ilivyofanya kazi, na hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini kwa miaka ishirini na mbili habari njema haikupita pale hata kwa bahati mbaya. Angekuwa mpishi, basi ni mpishi anayerudishiwa sahani zenye nywele tu.

Chuki hiyo ilimfuata mpaka nje. Akishatoka kazini, Plasta hakutaka kuona mdomo wa mtu. Alizungumza na watu huku akiwatazama paji la uso, na kwenye sherehe alichagua kiti cha nyuma, anakoona visogo. Watu walidhani ana maringo. Wala hakuwa nayo. Alikuwa amechoka na midomo, basi.

Mwaka huo mkwe wake, mume wa binti yake, alifungua duka la vifaa vya ujenzi na alihitaji mtu mzima wa kusimamia upande wa rangi. Plasta hakungoja kuombwa mara mbili.

"Rangi haimuumizi mtu ufizi," alimwambia dada yake. "Alhamisi napeleka barua ya kuacha kazi, Jumatatu naanza dukani. Nimemaliza."

"Kheri," dada akasema, kiganja mdomoni. Miezi sita kabla ya hapo alikuwa ameng'olewa meno ya mbele yote ya juu, na tangu hapo hasemi wala hacheki bila kujifunika. Kila alipoambiwa habari ya meno ya bandia alikataa katakata.

"Umekuwa mama yetu kabisa," Plasta akamtania, akiinua kidevu kuelekea ukutani.

Picha ya marehemu mama yao ilikuwa moja tu, na ndani yake mama ameziba mdomo kwa kiganja. Hakuwahi kupigwa nyingine. Dada aliitazama, akashusha mkono.

"Unajua, mdogo wangu, siku hizi nikijaribu kumkumbuka akicheka, simpati. Macho nayapata, sauti naipata. Mdomo haupo."

Plasta mwenyewe alikuwa hampati, ila hakuwahi kusema.

"Sikia, dada," akasema baadaye. "Alhamisi twende wote. Utachukuliwa kipimo, nami nikutengenezee meno. Yawe ya mwisho. Baada yako sigusi tena jino la mtu."

Dada alinuna, akazunguka chumba, akakunja shuka lililokwisha kukunjwa. Mwishowe alikubali. Kwa hiyo Plasta alibakiwa na kazi moja tu maishani mwake ya kuifanya vizuri, kisha aondoke, na aliisubiri kwa hamu ambayo hakuwa nayo tangu alipotoka chuoni.

Alhamisi ni siku ya marekebisho pale kliniki. Waliokwisha kupewa meno huja kukaguliwa. Plasta alimwacha dada yake mlango wa mbele, akazunguka uchochoroni, akaingia karakana. Saa tatu na nusu alisukuma barua yake kidirishani, chini ya seti ya meno ya chini, akasikia karani akiichukua. Alikaa. Mwili ulikuwa mwepesi. Hata mgongo ulikuwa umesahau kuuma.

Ndipo ukapigwa ukelele.

Haukuwa ukelele wa mtu anayeng'olewa jino, huo aliuzoea. Huu ulitoka chumba cha kungojea, na ulikuwa wa dada yake.

"Mama! Mama!"

Plasta aliangusha kisu cha nta. Alitoka mbio kwa mlango wa ndani, kwenye korido aliyokuwa hajaipita miaka, akajaribu mlango wa stoo, akajaribu wa choo, wa tatu ukamwingiza. Benchi za buluu, feni, bango la jino kubwa linalotabasamu. Mkoba wa dada ulikuwa sakafuni na funguo zimetawanyika. Dada mwenyewe amesimama katikati ya chumba, kidole amemnyooshea mwanamume mmoja mnene, mwenye upara na ndevu, mwenye bucha sokoni. Mwanamume amejibana ukutani kama aliyeshikiwa bunduki.

"Wallahi sijamgusa!" alisema mwenye bucha. "Nimesimulia kichekesho tu, nikacheka. Basi!"

"Cheka tena," dada akasema.

"Nicheke nini, mama?"

"Cheka, kaka yangu, nakuomba. Cheka kama ulivyocheka."

Mwenye bucha aliwatazama wenzake, akajilazimisha, akacheka. Na Plasta, ambaye miaka yote hiyo alitazama watu paji la uso, alitazama mdomo.

Katikati ya zile ndevu alikuwa mama yake. Si mtu anayefanana naye. Yeye, akiwa amesimama kwenye beseni la vyombo, mikono imezama kwenye povu. Maana hapo tu ndipo alipocheka wazi. Jino lake la pili kushoto lilitangulia mbele na kumwegemea jirani yake, naye alilionea haya, akalificha kwa kiganja mbele za watu, mbele ya mpiga picha, hata mbele ya mumewe. Lakini mtu mwenye mikono yenye povu hawezi kuziba mdomo. Watoto wake wawili walilijua hilo, wakawa wanangoja saa ya vyombo ndipo wamchekeshe. Yote hayo yalimrudia Plasta kwa mara moja, mahali pasipostahili, kinywani mwa mtu anayeuza maini.

Alishika bango la jino ili asianguke, bango likang'oka.

Hapo fundi viatu mmoja, mzee mwembamba aliyekaa pembeni, naye akaangua kicheko. Jino la pili kushoto likatoka mbele.

"Mnamshangaa yeye?" alisema. "Sisi watu hutuuliza kila siku kama tumetoka tumbo moja. Tumekuwa marafiki kwa sababu hiyo. Hata mke wangu anamwita shemeji."

"Wewe pia?" dada akanong'ona. Aliketi sakafuni palepale, kwenye funguo zake.

Hapo Plasta akajua. Alijua kabla hajataka kujua. Mwalimu wake chuoni aliwafundisha kwamba meno yaliyonyooka kama vigae vya bafu yanajulikana ni ya bandia. Weka kasoro kidogo, yafanane na ya mtu. Naye aliweka. Alidhani anaweka kasoro tu, yoyote ile, leo hii kesho ile. Hakuwahi kupanga mbili pamoja akalinganisha. Mkono wake ulikuwa ukichagua peke yake, na kwa miaka ishirini na mbili ulikuwa umechagua ileile. Alijaribu kupiga hesabu ya watu, akaiacha njiani kwa hofu, na maneno yakamtoka: "Ni mkono wangu huu."

"Kumbe ni wewe!"

Aliyesema hakuwa anacheka. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke aliyevaa vizuri, na alikuwa ameshasimama na picha ya zamani mkononi.

"Mimi meno yangu yalinyooka," alisema. "Tazama. Mjukuu wangu alilia nilipotabasamu, akasema bibi amebadilishwa. Nimeyarudisha haya mara tatu. Mara tatu! Kila mara yanarudi vilevile."

Plasta aliyakumbuka. Kikaratasi kilisema, hayamfai, rekebisha. Naye mara tatu alichonga sehemu ya ufizi, akidhani yanambana, akimlaani mgonjwa kwa kudeka.

"Nilikuletea picha," mwalimu akaendelea. "Hukuitazama?"

"Mama, mimi sijawahi kuona picha yoyote," Plasta akasema. "Picha hazipiti kidirishani."

Daktari alikuwa amesimama mlangoni muda wote, glavu mkono mmoja, barua ya Plasta mkono wa pili. Alimtazama mwenye bucha, akamtazama fundi viatu, akamtazama mwalimu. Mtu aliyezoea kuona kinywa kimoja kimoja, kimetanuliwa chini ya taa, hakuwahi kuviona vitatu vikikaa benchi moja.

"Lile jino nililiona," alisema polepole. "Miaka yote. Nilidhani ndivyo mnavyofundishwa."

"Na mimi nilidhani ukiona baya utaniambia."

"Halikuwa baya." Daktari aliitazama ile barua. "Nilikuwa nakuambia mabaya tu, sivyo?"

Plasta alikuwa amemgeukia mwalimu, na aibu ilimwaka masikioni.

"Umevaa mama yangu," alimwambia. "Nisamehe. Sikujua. Jumatatu njoo na hiyo picha, ukae mbele yangu nikuone, nikupe ya kwako."

Alipoyasema hayo ndipo alipokumbuka kwamba Jumatatu yeye ni mtu wa rangi.

"Ngoja kwanza," mwenye bucha akasema, akijitoa ukutani. "Unataka kusema wewe ndiye uliyetengeneza haya? Si huyu bwana?" Alimnyooshea daktari kidole. "Miaka saba namshukuru mtu mwingine! Ndugu yangu, kabla ya haya nilikuwa nauza nyama nisiyoweza kuitafuna. Nilikuwa sicheki, sisemi, wateja wananiogopa. Njoo hapa." Akamkumbatia, vumbi la plasta na yote, akamwinua kutoka sakafuni. "Na ukinigusa hili jino tutagombana. Mama yako au si mama yako, simrudishi."

Plasta alipowekwa chini hakujua mikono yake aiweke wapi. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane na halikuwa limewahi kumpata jambo la namna hiyo. Alihisi hasira, kwa kweli. Hasira ya mtu aliyejulishwa kwamba barua zake zote nzuri zilipelekwa nyumba ya jirani. Kisha macho yakamjaa machozi, akayasingizia vumbi.

Dada alikuwa bado sakafuni. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na kiganja kilikuwa mdomoni.

"Alikuwa anajificha," alisema. "Maisha yake yote anajificha na hilo jino. Na sasa linatembea mjini mchana kweupe. Linauza nyama!"

Daktari alimsaidia kusimama, akamkalisha kwenye benchi. Aliinua ile barua kidogo.

"Na hii?"

Plasta aliitazama, kisha akamtazama dada yake. "Hiyo tutazungumza. Kwanza nina mgonjwa. Dada, wewe nitakufanyia lile la mama kwa makusudi. Safari hii nikijua ninachofanya. Utampata tena kila ukijitazama kwenye kioo."

Alidhani atafurahi. Chumba kizima kilidhani atafurahi. Mwalimu mstaafu alikuwa ameshatoa kitambaa.

"Sitaki," dada akasema.

"Dada!"

"Ya mama wanayo watu wa kutosha. Mimi nataka ya kwangu."

Mwenye bucha alitaka kucheka, akajizuia. Plasta alifungua mdomo aseme sawa, yako yalikuwa hivi na hivi, na hakupata kitu. Alitafuta. Dada aliyembeba mgongoni, aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, ambaye kila siku alikaa mbele yake mezani akimsikiliza akinung'unika. Yalinyooka? Yalipishana? Yalikuwa madogo? Alimwona paji la uso tu. Hilo lilimtisha kuliko yote aliyoyaona asubuhi hiyo.

"Dada," aliuliza kwa sauti ndogo, "yako yalikuwaje?"

Dada alimgeukia.

"Hujui."

"Sijui."

Polepole alishusha kiganja, mbele ya watu wote wale, akaacha mdomo wazi, na kwa ncha ya kidole akamwonyesha kwenye ufizi mtupu. "Haya mawili ya katikati yalikuwa mapana. Hapa palikuwa na mwanya. Na hili la pembeni lilivunjika kidogo, siku ile uliponirushia kijiko."

"Taratibu," Plasta akasema. "Anza tena. Karatasi. Nipeni karatasi."

Daktari hakuwa na nyingine mkononi. Plasta aliichukua ile barua, akaigeuza upande mweupe, akapiga magoti mbele ya dada yake na kuanza kuchora.