Wiki Tatu Nyuma ya Proksi

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa mradi wa maji wa kanisa, pale Mukuyuni. Msimamizi wangu alipohamishiwa Kitui, nilibaki peke yangu na kompyuta, simu moja na ramani ya visima ukutani. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Binti yetu wa pekee alikuwa India akisomea uuguzi, na tuliongea kwa barua pepe. Jumatatu na Alhamisi nilikuwa nakuta neno lake: "Mwaitu, umeamkaje?" Mwaitu ni mama, kwetu.

Kisha makao makuu Nairobi yakabadilisha mitambo. Zamani kompyuta yangu ilipiga simu huko na barua zikaingia. Sasa waliweka katikati mashine waliyoiita proksi, isiyompitisha mtu bila jina na neno la siri. Nikifungua tovuti, iliniuliza, nikajibu, ukurasa ukafunguka. Lakini programu ya barua haikuniuliza kitu. Ilihangaika kidogo, ikaandika kwamba imekataliwa.

Wiki ya kwanza nilidhani ni laini. Wiki ya pili nilidhani binti yangu amekasirika, maana mara ya mwisho nilikuwa nimemgombeza kwa kuacha kwenda kanisani. Jumapili watu waliniuliza habari zake. Nilisema hajambo, na sikuwa najua.

Wiki ya tatu nikampigia fundi wa makao makuu, mtu mzima mwenye sauti ya upole ambaye hatukuwahi kuonana.

"Mama, tovuti zinafunguka?"

"Zinafunguka."

"Basi laini ni nzima. Shida ni programu yako ya barua. Ni ya zamani, haijui kujitambulisha kwa proksi. Inabisha hodi bila kusema jina."

"Sasa nifanye nini?"

"Nitakutumia programu ndogo. Itakaa humo ndani ya kompyuta, iwe inasema jina kwa niaba yake."

Disketi ilikuja kwa basi, ndani ya bahasha. Kwa kuwa simu na kompyuta zilitumia laini moja, nilikuwa naandika maagizo yake kwenye karatasi, nakata simu, najaribu, halafu nampigia tena. Kwenye programu ya barua, mahali pa jina la mashine ya Nairobi, aliniambia nifute, niweke anwani ya kompyuta yangu mwenyewe.

"Kwa hivyo inaongea na nani?" nikamuuliza.

"Na yenyewe, mama. Ile ndogo ndiyo itatoka nje."

Ikakataliwa tena. Mara ya tano akaniomba nimsomee jina langu kama nilivyoliandika kwenye ile programu ndogo, herufi moja moja.

"Na ukibonyeza mwisho wa jina, kale kamstari kanakopepesa kamekaa karibu na herufi ya mwisho?"

Nikaangalia. Kulikuwa na nafasi. Kidole changu kilikuwa kimegusa kitufe cha nafasi, na proksi ilikuwa ikisoma jina la mtu isiyemjua. Nikafuta, nikakata simu, nikajaribu.

Barua zikaanza kushuka, kumi na tisa. Kumi na nane zilitoka makao makuu, nyingi zikieleza jinsi ya kuitumia proksi mpya. Nilicheka kwa sauti, mle ofisini, peke yangu.

Moja ilikuwa ya binti yangu, ya wiki ile ya kwanza. "Mwaitu, niko na mitihani. Nitaandika nikimaliza. Usihangaike." Nikaisoma mara mbili. Hakuwa amekasirika. Hakuwa amejua hata kwamba nilinyamaza.

Nikampigia fundi kumshukuru.

"Barua za maana zimefika?" akauliza.

"Zimefika."

"Haya, mama, kazi njema."

Sikuwa na sababu ya kumpigia tena. Nilimwandikia binti yangu habari za mvua na za ng'ombe wetu aliyezaa, nikamtakia mitihani myema. Habari za proksi sikumwambia. Barua ilitoka mara moja. Ilikuwa saa tisa mchana na hakuna aliyekuwa akinisubiri, kwa hivyo nikaanza kusoma matangazo ya makao makuu, moja baada ya lingine.