Amin ya Kijapani

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Mume wangu Zulqarnain anajua, majirani zetu hapa Gujranwala wanajua, na fundi Rafaqat wa soko la vipuri alikuja kujua asubuhi moja ya Jumatano, kabla hata hajanawa uso. Lakini kisa chenyewe si changu. Ni cha mama mkwe wangu, Sardaran Bibi, na gari letu.

Mama ana miaka sitini na tisa. Thelathini kati ya hiyo aliimaliza mdomoni mwa tanuri, akiwaokea mikate wanawake wa mtaa mzima. Wao walileta unga uliokandwa, yeye akaubandika ukutani mwa tanuri kwa mkono mtupu, akajibakizia donge moja la ujira wake. Mikono yake mpaka leo haina unywele hata mmoja hadi viwikoni. Moto ulikula vinyweleo, moshi ukala macho.

Tena Mama alikuwa hapandi gari. Baba mkwe alifia barabara kuu ya Lahore, lori lilipowaingia ubavuni, naye Mama ameketi kando yake. Kwetu gari haliondoki bila dua ya safari. Mmoja anasoma, wengine wanaitikia amin. Siku ile wawili hao walitoka wakigombana. Na ugomvi wenyewe jamani, kopo la achari! Nani kalisahau nyumbani, wewe, si mimi, ni wewe. Dua haikusomwa. Mama alitoka na mkwaruzo kwenye paji la uso, mumewe hakutoka. Akaapa hapandi tena. Miaka sita hakupanda, hata dada yake alipozikwa Wazirabad, mwendo wa chini ya saa moja, alibaki uani kwetu akilia peke yake.

Kisha mume wangu Zulqi akanunua Vitz iliyotumika Japani, kama nusu ya mji huu. Siku ya kwanza alipoiwasha mlangoni, kabla hajagusa kitu, mwanamke akaongea ndani ya dashibodi. Kijapani. Sauti laini, ya adabu, na neno lake la mwisho lilisikika kama "imasen."

Mama alikuwa amesimama kizingitini ameshika ukuta. "Nani huyo?"

"Mama, hiyo ni—" Zulqi akaanza.

"Nyamaza, anaomba dua. Hamsikii anamalizia na amin?"

Nilimfinya mume wangu ubavuni, kwa kucha. Akatoa "oi!" akafunga mdomo. Na Mama, yule yule aliyekaa miaka sita bila kupanda, akapapasa mlango wa gari, akaingia, akajifunika shali yake, akasema "Amin." Tulimpeleka Wazirabad kwenye kaburi la dada yake siku hiyo hiyo. Nililia njia nzima, kwenda na kurudi.

Baada ya mwezi tukapata tafsiri. Jirani yetu Munawar, aliyefanya kazi Nagoya kule Japani miaka tisa, alimsikia yule mwanamke akacheka hadi akakohoa. "Shemeji, anasema kadi haijaingizwa! Kule kwao unachomeka kadi ya kulipia barabara, geti linafunguka lenyewe. Huku kadi hamna, basi maskini atalalamika mpaka kiama."

"Munawar," nikamwambia, "ukimwambia Mama neno hilo, mkeo atakuja kukuokota mlangoni kwangu vipande vipande."

Akaapa kwa watoto wake kwamba hatasema.

Sasa tuje kwenye macho. Mtoto wa jicho alimwingia Mama macho yote mawili. Mwaka jana alikuwa anatutambua kwa nyayo. Chai tulimwekea mkononi. Daktari wa Lahore akasema jicho la kushoto limeshaiva, likicheleweshwa zaidi haahidi kitu. Tukakaa kwenye foleni miezi mitano mpaka tukapewa siku: Jumatano, saa nne asubuhi. Usipotokea, jina linarudi mkiani. Na kwenda Lahore kwa njia nyingine isiyo gari, mwanamke wa umri ule, haiwezekani.

Hiyo ndiyo wiki mume wangu aliyoichagua kubadilisha redio ya gari.

Redio iliyokuja nalo ilikuwa na shida, nakubali. Masafa yake ya Kijapani yanaishia pale ya kwetu yanapoanza, kwa hiyo tulishika stesheni moja na nusu. Spika za milangoni karatasi zake zilikuwa zimechanika, kila mwimbaji anasikika ana mafua. Tena Zulqi anasuka mota kwenye kiwanda cha feni, mashine zimemla masikio, kitu kisipotetemesha kifua chake hakisikii. Lakini mtu mzima si unasubiri?

"Ni kwa ajili ya Mama," akasema. "Asikilize kasida njiani."

Kasida, wee! Harusi ya binamu yake ilikuwa wiki inayofuata, na bwana mkubwa alitaka gari lake ndilo liongoze msafara. Jumamosi akalipeleka kwa Rafaqat. Jioni akarudi na redio mpya yenye kioo, spika nne milangoni, na sabufa chini ya kiti. Alipoingia uani, vikombe vyangu vilicheza kabatini.

"Zulqi, punguza! Chumvi inahama mezani!"

"Unasemaje?"

"Nasema umepata gari la kukufaa!"

Redio hiyo, gari likiwashwa tu, inaanza kuimba yenyewe. Kwa hiyo Jumapili, Jumatatu, Jumanne, hakuna aliyegundua kilichopungua.

Jumatano tuliamka alfajiri. Mama alikuwa tayari ameoga, amevaa nguo nyeupe, mkoba mapajani. Tulipofika garini mimi na Zulqi tulikuwa tumeshaanza. Barua ya hospitali haionekani. Nilikupa mkononi. Hukunipa. Nilikupa jana, ukaiweka juu ya friji. Juu ya friji hakuna kitu. Mama akapanda, akaketi, akangoja. Zulqi, kwa heshima ya mama yake, akazima muziki kabla ya kuwasha injini. Gari likawaka, sisi tunaendelea kurushiana maneno.

"Mbona hasemi?" Mama akauliza.

Ndipo tukanyamaza. Injini inanguruma, dashibodi kimya.

"Nani, Mama?" Zulqi akajifanya hajui.

"Unajua ni nani."

"Labda... labda amelala."

Jamani, nimeolewa na huyu mtu. Mama akafungua mlango akashuka, akapapasa ukuta hadi kwenye kitanda cha kamba uani, akaketi na mkoba wake.

"Siendi."

Nilipiga magoti mbele yake. Nikamsomea dua ya safari mimi mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Zulqi akaweka kasida kwenye zile spika zake, mtaa mzima ukasikia. Mama akatikisa kichwa. "Wewe unasahau, mwanangu. Mimi nasahau. Siku ile mimi na marehemu tulisahau wote wawili. Yule hasahau."

"Mama, jicho! Miezi mitano tumengoja!"

"Jicho nimelizoea hivi lilivyo."

Ilikuwa saa kumi na mbili na robo. Nikamburuta mume wangu kwa mkono wa shati hadi garini, tukaondoka mbio, na njia nzima nilikuwa namwambia alivyo. Duka la Rafaqat lilikuwa limefungwa, lakini yeye analala ghorofani juu yake. Nikapiga geti la bati kwa kiatu.

"Rafaqat! Shuka!"

Akachungulia dirishani, nywele zimesimama. "Shemeji? Kuna msiba?"

"Utakuwepo usiposhuka! Yule mwanamke umempeleka wapi?"

Kichwa cha pili kikatokea dirishani, cha mkewe. "Mwanamke gani, Rafaqat?"

"Wallahi simjui!"

"Yule uliyemtoa kwenye gari letu Jumamosi!"

"Kwenye gari tena!" mkewe akasema. "Shuka, shuka ukamwonyeshe. Na mimi nakuja."

Alishuka hana viatu, akatufungulia duka. Zulqi akamweleza, na maskini akapumua kama mtu aliyesamehewa. "Lo, yule! Nyie mlinitisha. Sasa, mkidhani yuko kwenye redio, redio yenu ya zamani hii hapa, hata ukiiunganisha hatasema. Yule ana kiboksi chake chini ya usukani. Nilikitoa nipate pa kupitisha waya za sabufa."

"Kiko wapi?"

Akaonyesha gunia pembeni. Ndani mlikuwa na viboksi kama hamsini, vyeusi vyote, vyote saizi ya kipande cha sabuni. "Kila gari la Japani nakitoa," akasema. "Hakuna anayekitumia. Na kusema kweli, shemeji, sikumbuki chenu ni kipi."

Sikumbuki nilimwambia nini. Zulqi anasema ni vizuri sikumbuki. Rafaqat akachukua betri, akaiweka sakafuni, akaanza kuunganisha kiboksi kimoja kimoja. Cha kwanza kikalia piii, basi. Cha pili piii. Cha tatu kimya. Saa moja kasoro. Nilikuwa nimechuchumaa pale sakafuni nimeshika mtandio wangu kwa meno, nikiona jina la Mama likirudi mkiani mwa foleni, nikimwona mwakani ananitafuta kwa mikono. Cha tisa piii. Cha kumi piii.

Cha kumi na moja kilikaa kidogo. Kisha, laini, kwa adabu zake zile zile, mwanamke akaongea, akamalizia: imasen.

"Amin!" nikapiga kelele. Zulqi naye "Amin!" Hata mke wa Rafaqat pale ngazini akaitikia amin, asijue anaitikia nini. Zulqi akaanza kucheka, nami nikacheka, mpaka nikamwegemea begani mbele za watu. Kama alikuwa wa kwetu au wa gari la mtu mwingine, mpaka leo sijui. Rafaqat alikifunga chini ya usukani kwa dakika kumi. Na nilipopandisha miguu kwenye kiti, ile barua ya hospitali ilikuwa hapo chini, juu ya sabufa. Tukacheka upya hadi nyumbani.

Mama hakuwa amesogea pale kitandani. Tulimwingiza garini, Zulqi akageuza ufunguo, mwanamke akasema yake. Kimya kidogo. "Amin," Mama akasema. "Haya, twende."

Tulifika saa nne na dakika tano. Muuguzi alikunja uso lakini akampokea.

Kesho yake asubuhi wakamtoa bandeji. Mama alimtazama mwanawe muda mrefu. "Mbona umezeeka hivi?" Kisha akanigeukia mimi. "Na kelele zote zile zinatoka kwenye mwili mdogo namna hii?" Nikambusu mikono yake isiyo na vinyweleo. Nililia, ndiyo, na muuguzi naye.

Kwenye maegesho Mama hakuingia garini mara moja. Aliinama upande wa dereva, akatafuta, akakiona kile kiboksi chini ya usukani. Akakigusa, akapitisha ukucha kwenye upenyo wake mwembamba.

"Kwa hiyo kadi yenyewe huwa inaingia hapa?" akauliza.

Mimi na Zulqi tukatazamana.

"Munawar!" nikasema. "Munawar alikuambia!"

"Mwaka juzi. Nikamwambia, akikueleza kwamba najua, mkewe atamwokota vipande vipande."

"Mama! Sasa jana kwa nini ulitutesa vile?"

Akasimama wima, mkono juu ya paa la gari. "Yule akianza kuongea, nyote hunyamaza. Hata wewe. Hapo ndipo mimi napata kusoma dua yangu. Jana hakuongea, na nyie mlikuwa mnagombania karatasi." Akagusa paji la uso. "Mimi na baba yenu tulikuwa tunagombania achari."

Zulqi akageuka akatazama ukutani.

"Nilipokuwa kitandani pale," Mama akaendelea, "niliwasikia mnaondoka bado mnagombana, roho yangu yote ikawa barabarani na nyie. Kisha nikasikia gari linarudi. Mlikuwa mnacheka. Nikasema, na hawa naweza kupanda."

Tukaingia. Zulqi akaweka mkono mmoja kwenye kitufe cha redio isianze kuimba, kwa mwingine akageuza ufunguo. Mwanamke akalalamikia kadi yake. Tukanyamaza wote watatu. Safari hii nilisikiliza, nikasikia midomo ya Mama ikisoma kidogo kidogo kiti cha nyuma, na alipomaliza tuliitikia amin, mimi na mume wangu, kwa pamoja.

"Haya, mwanangu," Mama akasema, akiangalia nje ya dirisha kama msichana. "Washa hizo spika zako tuzisikie."